Namba Saba ya Fundi wa Saa

Yasemwayo Kitengela kuhusu fundi wa saa ni mengi, na sehemu kubwa ya hayo sitaiandika kwa kuwa sikuishuhudia. Yuko mtu aliyeniambia kwamba fundi alisomea uhandisi ng'ambo akafukuzwa. Yuko mwingine aliyeapa kwamba hakuvuka darasa la saba. Niliwauliza wote wawili walikoyatoa hayo, na kila mmoja akanitajia mwenzake. Kwa hiyo nitaandika tu niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu, ingawa, kama msomaji atakavyoona, ni macho na masikio hayohayo yaliyonitia katika aibu ninayokusudia kuieleza.

Nilimfahamu kwa muda wa miaka kumi na zaidi, tangu nilipostaafu ualimu mkuu katikati ya miaka ya tisini na kuhamia katika nyumba niliyojenga nje kidogo ya mji. Kibanda chake cha mabati kilikuwa kando ya barabara ya Namanga, kati ya duka la dawa za mifugo na chumba cha kinyozi. Mbele aliweka meza yenye kioo, na chini ya kioo saa zilizolala chali zikisubiri zamu. Nyuma ya pazia la gunia kulikuwa na kiti kimoja, kinanda kidogo cha umeme ambacho vibonyezo vyake viwili vilikuwa vimekufa, na redio mbili za kaseti. Hiyo ndiyo iliyokuwa studio yake. Sijaona nyingine.

Alikuwa mtu mfupi, mwenye mabega ya kuinama kwa sababu ya kazi, na alikuwa akisahau kioo chake cha kukuzia juu ya paji la uso hata akiwa njiani kwenda kula. Saa za watu alizirudisha zikiwa sahihi kabisa. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika mahali popote kwa wakati. Nilipomkaripia siku moja kwa kunichelewesha, aliniambia bila haya, "Mwalimu, mimi natengeneza saa, sizifuati." Nilimwona mtovu wa nidhamu. Bado namwona hivyo katika jambo hilo moja.

Namna yake ya kutengeneza muziki nimeiona mara tatu, na naweza kuieleza. Alipiga sauti moja tu kwenye kinanda, pengine noti nne zinazorudia polepole, akairekodi katika redio ya kwanza. Kisha alirudisha kanda mwanzo, akaiachia icheze, na huku inacheza akapiga sauti ya pili, redio ya pili ikizinasa zote mbili pamoja. Halafu akabadilisha kanda na kuongeza ya tatu. Kila alipofanya hivyo, mvumo wa kanda uliongezeka, kama upepo unaosogea. Kwa sauti ya nne muziki ulikuwa bado unasimama. Kwa ya tano ulizama. Kwa hiyo alikomea nne, na mara nyingi tatu. Midundo iliyokuwa tayari ndani ya kinanda, ile inayotoka kwa kubonyeza mara moja, hakuigusa. Kitufe chake alikuwa amekibandika plasta ya dawa.

Kazi zake hakuzipa majina. Aliziandikia namba kwa kalamu nyekundu, na katika miaka niliyomjua zilifika kumi na moja.

Mashabiki wake hawakuwa wengi, lakini walikuwa wakali. Walikutana kwa kinyozi Jumamosi alasiri, baada ya mishahara ya viwandani kutoka au hata kabla. Wakuu wao walikuwa watatu: kinyozi mwenyewe, mtu mnene kutoka magharibi mwa nchi aliyezungumza mashine ikiwa hewani huku kichwa cha mteja kikingoja; muuguzi wa zahanati, mama wa makamo ambaye wote walimwita Sista; na karani mmoja wa mambo ya ardhi, kijana mwenye viatu vilivyojaa ule udongo wetu mweusi usiobanduka. Nilikuwa nikienda kunyolewa, na kwa kuwa sikuwa na haraka, nilibaki kuwasikiliza.

"Hesabu," kinyozi alikuwa akisema, akiinua mashine. "Hesabu sauti. Moja, ile ya chini. Mbili, hiyo inadondoka. Tatu, inapiga kama saa. Basi! Na umekaa hapo umenyamaza kama uko kanisani. Mwingine angeweka ngoma, angeweka gita, angeweka watoto wa kwaya."

"Ni kwa sababu hana mashine ya kuweka hizo vitu," karani alijibu. "Mpe studio ya Nairobi uone kama hataweka kila kitu. Umaskini si ufundi, boss."

"Wewe nawe! Kuna mtu maskini hapa Kitengela anaweza kukufanyia Namba Saba?"

"Mimi napenda pale anaponyamaza," Sista alisema. "Kuna mahali unadhani imekwisha, unataka kuinuka, na inarudi. Niliiweka wodini, akina mama wakaniambia, 'Sista, redio yako imeharibika.' Nikawaambia, ngojeni. Wakangoja. Mmoja akalala, na huyo hakuwa amelala siku mbili."

"Na lile bati?" kinyozi aliuliza, akinigeukia. "Mwalimu, umesikia bati kwa Namba Saba? Katikati pale, ka! ka! Alilipanga hilo?"

"Hakulipanga," karani alisema. "Redio ilinasa tu paa."

"Alilipanga."

"Umeona akilipanga?" nikamuuliza kinyozi.

Chumba kizima kilicheka, kwa maana hilo lilikuwa swali langu la kila siku, na walikuwa wamezoea kuliiga nikiisha kuondoka. Nilijua wananiiga. Niliona fahari.

Mara nyingi mwenye muziki mwenyewe alikuwa pale pale, amekalia kochi, povu shavuni. Hakuwahi kuwasaidia. Walipomsihi aamue juu ya bati, alisema, "Ni bati tu. Jua likianza kulipiga, linalia." Kinyozi akapiga paja kwa furaha, kana kwamba amethibitishiwa. Karani naye akapiga paja. Kila mmoja alirudi nyumbani akiwa mshindi.

Jambo lililowasumbua zaidi ni kwamba mtu huyu wa sauti tatu alipenda kelele. Katika arusi alikuwa wa kwanza kuinuka, na alicheza vibaya, mikono ikienda upande wake na miguu upande mwingine. Katika kibanda chake, akiwa na saa ya mtu imefunguliwa mezani, alifungulia redio nyimbo za gita zenye kasi hadi mwenye duka la dawa za mifugo akagonga ukuta. Sista alimuuliza mbele yangu: "Fundi, wewe unapenda hii makelele kweli?" Akajibu, "Sana." "Sasa mbona yako haina?" Alifikiri, kisha akasema, "Hiyo tayari iko. Watu wanaipiga vizuri kunishinda."

Yuko mzee mmoja wa Kimaasai aliyekuwa akimletea saa ya mfukoni, naye hakuketi kwa kinyozi wala hakuwa shabiki wa mtu. Nilikuwepo siku aliposalimiwa *Sopa* na kuitika, kisha akasimama kungoja saa yake huku nyuma ya pazia Namba Tatu ikicheza. Alisikiliza mpaka mwisho, akiegemea fimbo yake. Akasema, "Huyu anahesabu ng'ombe jioni. Hataki wawili wapite mlangoni pamoja." Katika mabishano yote ya Jumamosi zile, sikusikia maelezo yaliyo bora kuliko hayo, na nilimwambia fundi hivyo. Aliona haya, akaanza kutafuta bisibisi iliyokuwa mkononi mwake.

Kwangu mimi binafsi alifanya wema ambao sikuustahili. Siku moja ya mvua, nilipozuiwa kibandani mwake na matope, alinipigia Namba Saba katika hatua zake, kanda baada ya kanda, kuanzia ile yenye sauti moja. Kisha akaniuliza ningeondoa ipi. Nikasema labda ile ya juu. Akairudisha kanda ya kabla yake, ambamo sauti hiyo haikuwemo. "Inauma?" akaniuliza. Nilikiri kwamba kuna kitu kinapungua. "Basi hiyo inabaki," akasema. "Mimi kazi yangu ni hiyo tu, Mwalimu. Naondoa moja, naangalia kama inauma." Nilimwambia kwamba wanafunzi wangu wangeandika insha bora kama wangefundishwa hivyo. Ndiyo sifa pekee niliyowahi kumpa ana kwa ana, na ilikuwa sifa ya insha.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kituo kidogo cha redio kilikuwa kinakusudiwa kufunguliwa katika wilaya yetu, na wenye kukianzisha walitaka muziki wa mtu wa hapa uwe ufunguzi wa matangazo kila alfajiri. Iliundwa kamati ya watu watatu ya kuchagua, ikakaa Kajiado mjini, nami nikafanywa mwenyekiti kwa ajili ya umri wangu na, waliniambia, kwa ajili ya ukweli wangu. Sharti lilikuwa moja: kazi iwe ya mtunzi mwenyewe. Fundi hakutaka kushiriki. Kinyozi na Sista ndio waliomsukuma, na Sista ndiye aliyeileta kaseti kwa mkono wake, imefungwa kwa kitambaa. Namba Saba ilipochezwa mara ya kwanza kamatini, wenzangu wawili waliniangalia, na nilijua kwamba shauri limekwisha. Kitengela habari zilifika kabla yangu. Nilikuta kinyozi amewanyoa wateja wawili bure. Fundi nilimkuta amekaa mbele ya meza yake hafanyi kitu. Aliniuliza jambo moja tu: "Itasikika mpaka Loitokitok?" Nikamwambia ndivyo wasemavyo mafundi mitambo. Akarudia, "Mpaka Loitokitok," kwa sauti ya mtu anayejaribu koti.

Wiki ile ile niliingia katika duka moja la vyombo vya umeme pale pale Kitengela kununua balbu. Ndani, nyuma ya kaunta ndefu, muuzaji kijana alikuwa amesimama mbele ya kinanda cha aina ile ile ya fundi, mikono yake ikitembea juu ya vibonyezo, na kilichokuwa kikisikika dukani mle kilikuwa Namba Saba. Nilisimama nikaisikiliza yote. Sikukosea sauti hata moja. Nilimuuliza, "Umejifunza wapi hiyo?" Akatabasamu: "Haina kujifunza, mzee. Imewekwa ndani kutoka kiwandani. Unabonyeza tu, inatoka." Akanionyesha kidole chake kwenye kitufe.

Msomaji na anielewe. Sikuambiwa na mtu wa sokoni. Niliona na nikasikia. Miaka thelathini na minne niliwafundisha watoto kwamba aliyeona hana haja ya kuuliza, na sasa nilikuwa nimeona. Nilitoka bila balbu. Kabla ya jioni nilikuwa nimekwisha kuandika taarifa ya kurasa mbili, yenye hoja zilizopangwa kwa herufi, na ninakiri kwamba niliiandika kwa furaha fulani. Kila mtu alikuwa amedanganywa isipokuwa mimi.

Fundi aliitwa Kajiado mbele ya kamati. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alifika mapema, amevaa tai. Nilimsomea taarifa yangu. Aliisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama anavyosikiliza saa, na nilipomaliza alisema, "Ni yangu, Mwalimu. Wewe mwenyewe nilikupigia."

"Ulinipigia kanda," nikamwambia. "Za kazi nyingine niliona ukizirekodi. Za hiyo sikuona zilikotoka."

"Basi pigeni hiyo kaseti. Pale katikati kuna bati. Kuna upepo. Kuna basi linafunga breki. Kiwanda gani kina bati langu? Sikilizeni tu bati."

Mmoja wa wenzangu alinyoosha mkono kwenye redio iliyokuwa mezani. Nilimzuia. Nilisema, na maneno haya yako katika kumbukumbu za kikao kwa mwandiko wangu: "Kamati haikuketi hapa kusikiliza bati."

Hakubisha tena. Alisimama, akatushukuru kwa muda wetu, akatoka. Kupitia dirishani nilimwona akifungua tai yake, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni. Ufunguzi wa redio ulipewa kwaya moja nzuri ya wilaya, na kaseti nikairudisha kwa mwenyewe pamoja na barua.

Yaliyofuata Kitengela sikuyatazamia. Niliwaza watu wangegawanyika, kama walivyogawanyika juu ya kila kitu. Hawakugawanyika. Kinyozi aliniuliza mara moja, mashine mkononi, "Mwalimu, ulisikia kabisa? Wewe mwenyewe?" Nikasema nilisikia kabisa, mimi mwenyewe. Akaendelea kunyoa. Jumamosi iliyofuata hakuna aliyehesabu sauti. Walikuwa watu waliokwisha kulizwa machozi na kitufe cha kiwandani, na hawakutaka kukumbushwa. Karani alirekodi mpira juu ya nakala yake. Kinyozi alirekodi mahubiri juu ya zake zote, moja baada ya nyingine. Sista akaacha kuja. Fundi aliendelea kutengeneza saa kwa miezi kadhaa, kisha asubuhi moja kibanda kilikuwa kitupu. Walisema amehamia Kajiado. Hilo nililisikia tu.

Mwezi wa nne au wa tano baada ya kikao, binti yangu alitaka kinanda kwa ajili ya watoto wa kanisa lake, nami nikampeleka katika duka lile lile. Muuzaji alikuwa yule yule. Nikamwambia amwonyeshe ule muziki wa ndani. Akabonyeza. Ukatoka mdundo wa haraka wa tarumbeta za bandia, wa kuchezesha watoto.

"Si huo," nikasema. "Ule mwingine. Wa polepole."

Alichanganyikiwa kidogo, kisha akacheka. "Aa, ile! Ile haikuwa kinanda, mzee. Ile ilikuwa kaseti. Iko na redio hapa chini ya kaunta. Mimi sijui kupiga, si nilikuwa naigiza tu mteja akiingia? Yule fundi wa saa alituachia siku alikuja kutengeneza ile saa ya ukutani. Tulimwambia inavuta watu, akafurahi sana."

Binti yangu alicheka pamoja naye. Kisha akanitazama, akaacha kucheka, akaniuliza kama naumwa.

Palepale dukani nilikumbuka bati. Siku ile ya balbu nililisikia, ka, ka, nikadhani ni paa la duka. Lakini duka lile lina dari ya saruji, na ghorofa mbili juu yake.

Ningeweza kusema kwamba nilikwenda moja kwa moja Kajiado. Sikwenda. Ningeweza kuandikia kamati, lakini kamati ilikuwa imevunjwa, na hiyo ilinipa sababu. Nilijiambia kwamba kwaya ilikuwa imekwisha kurekodiwa na si haki kuwavunja moyo vijana. Nilijiambia kwamba fundi huenda amesahau. Nilijiambia kwamba atakuja mwenyewe, na akija nitamkubalia mara moja, kiungwana. Sababu zote hizo nilizipanga kwa herufi kama nilivyopanga hoja za taarifa, na katika kuzipanga miaka sita ikapita. Katika miaka hiyo niliendelea kualikwa kusema mazishini na katika siku za kufunga shule, na mada niliyopewa mara kwa mara ilikuwa ukweli. Niliizungumzia. Kila alfajiri kwaya ilifungua redio, nami niliizima kabla haijafika ubeti wa pili, mpaka mke wangu akaacha kuniuliza kwa nini.

Kilichonitoa nyumbani hatimaye hakikuwa ujasiri. Daktari aliniambia habari za moyo wangu ambazo sitazieleza hapa, na nikaona kwamba huenda nikafa nikiwa na sifa isiyo yangu.

Nilianza kwa kinyozi, kwa sababu nilimwogopa kidogo kuliko nilivyomwogopa fundi. Nilikaa kitini, nikangoja wateja wapungue, nikamweleza yote: duka, kaunta, redio ya chini, bati. Nilidhani atanikasirikia. Alinipangusa mabega kwa upole.

"Mwalimu," akasema, "wewe una moyo mzuri."

"Sizungumzii moyo. Nakuambia nilikosea."

"Hapana, wacha nikuambie. Sisi tunakujua. Wewe hujawahi kumsingizia mtu. Ukisema umesikia, umesikia. Sasa umekuwa mzee, unamwonea huruma. Hata mimi namwonea huruma."

"Muuzaji mwenyewe aliniambia."

"Ni huyo wa zamani? Huyo alienda Saudia. Nani atamuuliza?" Akawageukia wateja wawili waliokuwa kwenye kochi, vijana ambao hawakuwahi kumwona fundi. "Kulikuwa na jamaa hapa anabonyeza kinanda anasema ametunga. Huyu mzee ndiye alimshika."

"Safi, mzee," mmoja wao akaniambia kwa heshima.

"Iko wapi kaseti basi, tusikie hilo bati?" kinyozi akaniuliza, si kwa ubaya. Alijua ilipo. Ilikuwa kwenye rafu nyuma yake, na juu yake kulikuwa na mahubiri.

Nilipanda basi kwenda Kajiado siku iliyofuata. Nilimkuta fundi karibu na soko la mifugo, chini ya mwavuli mkubwa, kioo kikiwa kwenye jicho. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe. Hakukuwa na pazia nyuma yake, wala kitu cha kufichwa na pazia. Nilimuuliza kinanda kiko wapi, akasema alikigawa zamani kwa shule ya chekechea huko Rombo. Kanda je? Hizo zimekuwa mikanda, akasema, kisha akaona sikuelewa, akaeleza kwamba alizibadilisha na mtu kwa mikanda ya saa. Hata ile niliyomrudishia mimi? Hata hiyo.

Nilimwambia. Nilisema nikiwa nimesimama, kama mwanafunzi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kutoa kioo jichoni, na nilipomaliza aliendelea kwa muda kugeuza skrubu moja ndogo.

"Nilijua ni ile ya duka," akasema. "Nilijua njiani nikirudi, siku ile ile. Nikasema Mwalimu ataenda kuangalia tena. Mtu wa kuangalia kama wewe."

"Nilikwenda."

"Lini?"

Nikamwambia lini. Alihesabu miaka kimya, nami niliona akiihesabu. Hilo ndilo jambo lililo gumu kuliko yote ninayoyaandika hapa.

"Kinyozi nimemwambia jana," nikasema haraka. "Hakuniamini. Anasema nimekuonea huruma. Hakuna hata mmoja aliyeniamini."

Hapo alitoa kioo, akanitazama kwa mara ya kwanza. Sikuona hasira, na sitasema niliona msamaha, kwa sababu sikuuona.

"Ulimwambia mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mimi nami nilisema siku moja tu, nikaondoka," akasema. "Nilikuwa na tai, niliona aibu. Ningerudi. Ningekuja kwako kila asubuhi mpaka uchoke na mimi. Hiyo nimejuta." Akasogeza kigoda kwa mguu, lakini hakuniambia niketi. "Wewe usifanye kama mimi. Rudi kesho. Akikataa, rudi tena. Mimi huko Kitengela niko na jina, Mwalimu, na bado wananitaja. Unasikia wanavyonitaja."

Mchunga ng'ombe mmoja alifika na saa iliyoingia maji, naye fundi akakirudisha kioo jichoni. Nilisimama pembeni kidogo, kisha nikaenda kutafuta basi.

Nimekwenda kwa kinyozi mara tano tangu siku hiyo. Mara ya pili alinipa soda. Mara ya tatu alimpigia simu binti yangu, akamwambia kwa wasiwasi kwamba mzee anarudiarudia maneno. Mara ya nne vijana walicheka kabla sijaketi, na mmoja akaniuliza, "Umeona?" kwa sauti ambayo niliitambua kuwa ni yangu. Niliwaeleza vilevile, kuanzia balbu hadi bati, nikiwa nimeshika kofia yangu mkononi.

Mara ya tano kichwa cha mteja kilikuwa kimenyolewa nusu. Kinyozi aliniona mlangoni, akashusha pumzi, akazima mashine.

"Haya, Mwalimu," akasema. "Leo keti. Anza mwanzo, polepole, na nitakuuliza maswali."